Roboti ilikariri nyufa za udongo, mvua ikazifunga. Nishike alama gani shambani?

BintiKibos

Hamjambo wote. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamifu, na utafiti wangu ni wa roboti inayotembea shambani kwa macho, yaani kwa kamera, bila leza na bila kutegemea GPS. Nimefika mahali ambapo msimamizi wangu ananiambia hivi na shamba linaniambia vile. Nitaeleza kwa urefu, maana nimeona watu hapa wakiuliza kwa mistari miwili kisha wanajibiwa wasichouliza.

Mashine yenyewe niliichomelesha kwa fundi wa jua kali hapa Kisumu. Ina fremu ya vyuma vya mraba, magurudumu manne ya bodaboda, betri mbili za gari, na kompyuta ndogo iliyofungiwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko isije ikanyeshewa. Watoto wa pale shambani wameiita Kobe, na jina limekaa. Mbele, kwenye kimo cha kiuno, ina kamera ya macho mawili, lenzi zimeachana sentimita 12. Shamba ni la baba mdogo, upande wa Kibos. Ni miwa michanga na mistari imeachana mita 1.2. Njia ninayoijaribia ina mita 140, kutoka kibanda cha mlinzi hadi mfereji, mashariki kwenda magharibi.

Kabla hamjaniuliza kwa nini si GPS: ile ya kawaida hukosea mita kadhaa. Barabarani haidhuru, lakini kwenye mistari ya mita 1.2 ukikosea mita tatu umeshahama mstari mara mbili na miwa ya watu iko chini ya magurudumu. Ile inayosahihishwa na kituo cha pili hupata hadi sentimita, ila bei yake imenishinda. Mimi nataka kitu ambacho wakulima wanne wenye ekari tatu tatu wanaweza kuchanga wakakinunua. Hilo sitaliacha.

Nilichagua njia ya kufundisha na kurudia. Naiongoza Kobe mara moja kwa rimoti, inahifadhi picha pamoja na alama zilizomo ndani yake, na siku nyingine inarudia yenyewe huku ikilinganisha inachokiona na ilichokikariri. Furgale na Barfoot wa Chuo Kikuu cha Toronto waliiandika mwaka 2010. Gari lao, kwa kamera ya macho mawili tu, lilipita zaidi ya kilomita 32 mjini na katika nyika ya Aktiki ya Kanada, asilimia 99.6 ya safari bila mtu kuliongoza. Niliposoma nikasema, kama ni hivyo, mita 140 za Kibos zitanishindaje?

Februari yote mambo yalikwenda vizuri hata nikaanza kuandika sura. Halafu Machi, jioni ya Jumanne, mvua ikashuka. Jumatano asubuhi Kobe ilitembea mita nne ikasimama. Kwenye skrini iliandika kwamba haitambui chochote.

Nilikaa kwenye kibanda na mlinzi, nikafungua picha za Februari, nikaiambia programu inionyeshe kwa vitone vya kijani alama zote ilizokuwa imezikariri. Hapo ndipo nilipoona. Wanaolijua bonde la Kano, huku kwetu Kisumu, wanajua udongo wake, mweusi, mzito, kiangazi kikikaza unapasuka. Karibu na mita ya 37 kulikuwa na ufa wenye umbo la herufi Y, mpana wa kuingiza vidole vinne, na ndani yake kivuli cheusi kilichokatwa kwa ukingo mkali kama wa kisu. Kobe ilikuwa imeujaza vitone. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Majani ya miwa yana vitone vichache, shina moja moja, lakini njia nzima ilikuwa imekaririwa kwa nyufa. Nikashuka kwenda mita ya 37 kuutafuta ule wa Y. Udongo umevimba kwa maji, ufa umejifunga, umebaki mstari mwembamba kama kovu la chanjo. Niliugusa kwa kidole. Nyumba nzima ya kumbukumbu yangu ilikuwa imejengwa juu ya kitu kile.

Nikafundisha upya kwenye matope. Yakaja mengine. Magurudumu yanazunguka mita kumi, mashine inasogea sita. Asubuhi Kobe hudhani imetembea kidogo kuliko ilivyotembea, na sijui kwa nini ni asubuhi tu. Alasiri inavutwa upande wa kushoto kana kwamba kuna mtu anaisukuma.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, katika shamba ambapo udongo unafunguka na kujifunga, na mimea inarefuka kila juma, roboti ishike alama gani? Pili, msimamizi wangu anasema niliache shamba nitumie data ya KITTI, yaani picha za barabarani zilizopigwa kwa gari, ambayo kila mtu anaitumia, nimalize, nihitimu. Ni mtu mwema na hasemi kwa ubaya. Lakini niliingia kwenye utafiti huu kwa ajili ya shamba, na wazo la kuliacha linaniuma.

FundiLenzi_Nakuru

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Wengi wangefuta picha na kufundisha upya bila kuangalia vitone vilikuwa wapi.

Mimi si msomi wa roboti. Kazi yangu ni kamera za droni za kupimia mashamba, huku Njoro na Molo, kwa hiyo nitaongea juu ya mwanga. Umesema njia inakwenda magharibi. Sisi tuko hapa kwenye ikweta, jua linachomoza karibu mashariki kabisa. Saa moja na nusu asubuhi ukielekea magharibi, jua liko mgongoni mwa Kobe. Kivuli chake kiko wapi? Kiko mbele, kirefu, katikati ya picha. Kivuli hicho kinatembea na mashine. Kwenye picha hakisogei hata pikseli moja. Sasa juu ya matope yasiyo na alama yoyote, ukingo wa kivuli ndio mstari mkali kuliko yote, programu inaushika, na unaiambia: hatujasogea. Ukichanganya vitone vya udongo vinavyosema tumesogea na vitone vya kivuli vinavyosema tumesimama, unapata mwendo mfupi kuliko wa kweli.

Kuhakikisha ni rahisi. Jioni, saa kumi na moja, igeuze ielekee mashariki. Ikidhani tena imetembea kidogo, kosa ni la kivuli.

Hiyo ya alasiri nadhani ni upepo wa ziwa. Ukianza kuvuma majani yote yanalala upande mmoja kwa pamoja, na kamera haina njia ya kujua kama majani yamekwenda kulia au yenyewe imekwenda kushoto. Mtu akikaa kwenye basi lililosimama na basi la jirani likaanza kuondoka, huwa anashika kiti. Ni kitu kile kile.

Mawili zaidi. Zima urekebishaji wa mwanga wa kamera au uambie upime nusu ya chini ya picha peke yake, maana anga ya Kisumu ikiingia kwenye picha udongo unageuka kuwa giza tupu. Na uangalie kama kamera yako inasoma picha yote kwa mara moja au mstari baada ya mstari. Kama ni ya pili, kila Kobe inaporuka kwenye tuta picha inapinda, na hesabu zako zote zinapinda nayo.

BintiKibos

Nimeijaribu jana na leo. Jioni kuelekea mashariki inapunguza mwendo vile vile. Asubuhi kuelekea mashariki, jua likiwa usoni, haipunguzi, ila picha inaungua kwa mwanga. Ni kivuli, Fundi. Wiki tatu nimekuwa nikifungua na kufunga nati za magurudumu nikidhani tatizo liko huko. Asante sana.

Nimeweka sharti moja kwenye programu: magurudumu yakiwa yanazunguka, kitone chochote kinachobaki pikseli ile ile kwa picha kumi mfululizo kinatupwa. Kamera yangu inasoma picha yote kwa mara moja, hapo niko salama.

Kijana_Eldoret

Kwa nini usifunze tu mtandao wa neva, programu inayojifunza kwa mifano, kwa picha nyingi ukaachana na mambo ya vitone? Siku hizi ndivyo wanavyofanya.

BintiKibos

Ndugu, si siku hizi tu. Dean Pomerleau wa Carnegie Mellon alikuwa na ALVINN mwaka 1989, mtandao mdogo uliokuwa ukipewa picha ya pikseli 30 kwa 32 na kuendesha gari kubwa barabarani. Siikatai njia hiyo, nitaitumia mahali pake. Lakini mtandao hujifunza kwa ulichouonyesha. Ningeuonyesha picha za Februari peke yake, nao ungependa nyufa kama ilivyozipenda Kobe. Picha za misimu yote ya Kano sina bado, na mwenye kuzipiga ni mimi.

MzeeWaPlau

Nimesomewa hii habari na mjukuu wangu na yeye ndiye anayeniandikia. Nyathina, mwanangu, mimi nimelima Kano kwa ng'ombe tangu ujana. Mambo ya kompyuta siyajui, lakini la kutembea moja kwa moja kwenye shamba jeusi nalijua.

Mtu anayejifunza plau hutazama chini. Anatazama ncha ya plau, anatazama miguu ya ng'ombe, anatazama udongo unavyopinduka. Mfereji wake unatoka umepinda kama nyoka. Tulifundishwa kuinua macho. Unachagua mti mmoja mbali, au mahali mlima wa Nandi una pengo, unauweka katikati ya pembe za ng'ombe wawili wa mbele, na hapo macho yako hayashuki. Mfereji wa kwanza unatoka umenyooka. Mfereji wa pili sasa huhitaji mlima, ng'ombe mmoja anatembea ndani ya ule wa kwanza, na wa tatu unafuata wa pili. Wa kwanza ukiupinda, shamba zima limepinda.

Nyufa hatukuziamini kamwe. Ufa ni wa kiangazi hiki tu. Kiangazi kijacho utafunguka mahali pengine.

Swali langu kwako: hiyo mashine yako inaona mlima? Maana umesema kamera iko kwenye kiuno na inatazama mbele. Mbele ukitoka Kibos kwenda magharibi ni upande wa mji na ziwa. Mlima uko kaskazini, upande wa kulia. Mashine yako haijawahi kuuona.

Mhadhiri_Kakamega

Nimesoma yote mara mbili. Dada, mzee amekupa sura ya tatu ya tasnifu yako, na ninalisema hilo kwa uzito wote.

Niweke hesabu chini ya maneno yake. Kamera ya macho mawili hupima umbali kwa tofauti ya mahali kitu kinapoonekana katika jicho la kushoto na la kulia. Kosa la umbali hukua kwa mraba wa umbali wenyewe. Kama fokasi ya lenzi yako, yaani umbali kati ya lenzi na picha ukihesabiwa kwa pikseli, ni pikseli 700 hivi, na lenzi zimeachana sentimita 12, na programu inakosea robo ya pikseli, basi kitu kilicho mita mbili unakipima kwa kosa la sentimita moja na kidogo. Kilicho mita kumi, kosa ni sentimita 30. Mita ishirini, kosa limepita mita moja. Mlima ulio kilomita kadhaa hauna tofauti yoyote kati ya macho mawili. Haukwambii umetembea kiasi gani.

Lakini unakwambia jambo ambalo vitu vya karibu vinakwambia vibaya, nalo ni mwelekeo. Kwa fokasi hiyo pikseli moja ni kama digrii 0.08. Ukikosea mwelekeo kwa digrii moja, baada ya mita 100 umekwenda pembeni mita 1.75, yaani uko kwenye mstari wa jirani. Ukikosea kwa pikseli moja ya mlima, baada ya mita 100 umekwenda pembeni sentimita 14. Hapo unaona kwa nini mfereji wa mzee ulinyooka.

Tahadhari moja. Usichukue picha moja ya mlima ukaitumia kwa shamba zima. Njia yako inapita sambamba na mlima, na kama uko kilomita 7, mita 140 za njia zinabadilisha pembe yake kwa zaidi ya digrii moja. Linganisha na picha ya mlima iliyopigwa hapo hapo ulipo kwenye njia. Ukikosea mita moja au mbili ya mahali, pembe haisikii.

Kwa hiyo gawanya kazi. Mlima utoe mwelekeo. Mstari wa miwa utoe umbali wa kushoto na kulia. Kwa udongo mweusi kupata mstari si kazi kubwa: katika kila pikseli chukua kijani mara mbili, toa nyekundu, toa bluu, mmea unang'aa na udongo unazima. Kisha tafuta mistari iliyonyooka katika kilichobaki. Magugu yatakusumbua, lakini magugu hayaoti kwa mstari. Mwendo wa kwenda mbele uutoe kwenye udongo wa karibu sana, picha hadi picha, bila kuukariri. Ufa wa leo ni mzuri kabisa kupimia hatua ya leo. Shida ilikuwa kuutumia kama kumbukumbu ya mwezi ujao.

Kuhusu kuteleza usivunjike moyo. Spirit na Opportunity, roboti mbili za NASA, zilipotua kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2004 zilikutana na hilo hilo kwenye mchanga wa miteremko. Magurudumu yalizunguka na gari halikusogea inavyotakiwa, zikalazimika kupima mwendo kwa kamera, kwa kompyuta ya megahezi 20, hatua moja ya hesabu ikila dakika nzima au zaidi. Wewe una kompyuta yenye nguvu kuliko ile ndani ya ndoo.

Sasa KITTI. Msimamizi wako hajakosea na wewe hujakosea. Data ile ya mwaka 2012 ilirekodiwa Karlsruhe na viunga vyake, Ujerumani, kwa gari, kwenye lami, na sehemu ya kupima mwendo ina safari 22, kati yake 11 zina majibu ya kweli yaliyotolewa wazi. Itumie kama mizani. Pima programu yako pale, uandike nusu sura, mtahini aone kwamba hesabu zako si mbovu. Halafu rudi Kibos. Hakuna ufa unaojifunga Karlsruhe, kwa hiyo swali lako haliwezi kujibiwa kule hata ukikaa miaka kumi.

Lakini Kibos nayo lazima iwe na majibu ya kweli. Utajuaje Kobe imekosea sentimita ngapi? Huna pesa ya GPS ya sentimita. Fanya hivi: chukua chupa ya maji ya kunywa, ijaze chokaa iliyokorogwa, toboa kifuniko, ining'inize nyuma ya mashine katikati kabisa. Itaacha vitone vyeupe juu ya udongo mweusi. Piga vigingi na kamba kwenye njia uliyoifundisha, upime kwa futi ya fundi kila baada ya mita mbili. Chupa iwe nyuma ili kamera isiione, na kabla ya safari inayofuata fukia vitone kwa jembe, la sivyo Kobe itafuata chokaa na wewe utashangilia bure.

BintiKibos

Nimekaa kimya wiki tano kwa sababu nilikuwa shambani. Naleta habari.

Kwanza Mzee: erokamano, asante. Kobe sasa inaona mlima. Nilinunua kamera ya pili, ya bei nafuu, jicho moja tu, nikaifunga juu ya bomba la chuma la mita mbili, ikitazama kulia, kaskazini. Picha ya kwanza nilipoifungua nilikaa nikaitazama. Chini majani ya miwa, katikati paa la mabati la jirani, na juu mstari wa Nandi umekatwa na anga kama umekatwa kwa mkasi, pengo lile la kushoto linaonekana wazi. Mvua ya Jumanne ile haikuugusa. Programu haijali chochote chini ya mstari ule. Inachukua ukingo wa mlima na anga, inauteleza kushoto na kulia juu ya ule uliokaririwa mpaka ukae sawa, inasoma pikseli ngapi zimetofautiana, basi.

Mistari ya miwa nimeifanya kama alivyosema Mwalimu. Udongo mweusi uliokuwa adui yangu umegeuka kuwa msaada, maana kijani juu ya weusi kinajitenga hata kukiwa na mawingu.

Kisha chokaa. Nimefanya safari 14 katika siku tisa, asubuhi, mchana na jioni, kwenye njia iliyofundishwa mara moja tu, kabla ya mvua mbili kubwa. Mlinzi alikuwa anashika mwisho wa futi, mimi naandika kwenye daftari la shule. Safari 12 zilifika mfereji. Mahali pabaya kuliko pote katika hizo 12 palikuwa sentimita 17 kutoka kwenye kamba, karibu na mita ya 88 ambapo kuna tuta la zamani na Kobe huinama upande mmoja.

Mbili zilizoshindwa ndizo zinazoninyima usingizi, kwa hiyo nizieleze vizuri. Zote ni saa tisa alasiri. Mawingu yalishuka kutoka Nandi, mlima ukafutika kabisa kwenye picha. Programu ilijua kwamba mlima haupo, hilo nashukuru, ikaacha kuuuliza, ikafuata mistari peke yake. Ikaenda vizuri hadi mita ya 61. Pale miwa ilikufa, kuna pengo la hatua sita hivi bila mmea, na upande wa pili wa pengo mistari miwili inaonekana kufaa sawa sawa. Kobe ikachagua wa kulia. Siku ya pili ikachagua wa kulia tena. Bila mlima na bila mmea haikuwa na kitu mkononi, na mwendo wa picha hadi picha kwenye matope yenye madimbwi haukutosha kuivusha hatua sita, maana madimbwi yanaonyesha anga, na anga inatembea kivyake.

Nafikiria kuiwekea kihisi cha mzunguko, jairo kama ya simu, iishike digrii kwa sekunde hizo chache mpaka mstari urudi. Jairo hupotoka polepole, lakini hatua sita si safari ndefu. Wiki ijayo nitajaribu.

Msimamizi wangu nilimpelekea daftari pamoja na matokeo ya KITTI kwa mkupuo. Akasoma la KITTI haraka, akakaa na daftari. Akauliza hii Y ya mita ya 37 ni nini. Ijumaa alikuja mwenyewe Kibos na viatu vya mvua, akatembea nyuma ya Kobe mita zote 140, akainama mita ya 61 akagusa udongo pale penye pengo. Amekubali shamba liwe kiini cha tasnifu.

Lililobaki ni hili. Miwa inakua. Sasa iko kwenye goti, lakini ikipita mita mbili itaumeza mlima, bomba na Kobe yenyewe. Sidhani nitaendelea kurefusha bomba, maana likiyumba picha nayo inayumba. Nadhani miwa ikiwa mirefu mstari unageuka kuwa ujia wenye kuta mbili, na ujia una mwelekeo wake hata usipoona mbali. Lakini kuna wakati wa katikati, miwa ikiwa kifuani, ambapo mlima umefichika nusu na kuta bado hazijaziba. Huo ndio sijauelewa. Mzee, ninyi mlifanyaje mlipopalilia kwenye miwa ya kifuani?

MzeeWaPlau

Tulifuata jua na sauti ya aliye mstari wa pili. Mwenzako akiimba unajua yuko wapi. Lakini kueleza kwa simu ni kazi. Jumamosi tunalima shamba la shemeji yangu, upande wa Ahero, ng'ombe wanne, udongo ule ule. Njoo uweke kamera yako juu ya nira uone plau inavyoona. Mfereji wa kwanza tunaupiga saa kumi na mbili na nusu kabla jua halijakaza.

BintiKibos

Nitakuwepo saa kumi na mbili, Mzee. Nakuja kwa tuktuk, na kamera zote mbili.

FundiLenzi_Nakuru

Saa hiyo mwanga ni mdogo. Ongeza muda wa kupokea mwanga, na ukumbuke kuurudisha jua likitoka.